Fungu la Marehemu

Vaucelot, Sikukuu ya Malaika Mikaeli, 1315

Mwanangu Aubert,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi huku tu wazima wa kujikongoja, hofu yetu ni kwako. Mdogo wako Maroie anakusalimu. Kikohozi hakijamwachia, lakini ulimi wake ni mzima: juzi alimwambia Padri Renier kwamba mahubiri yake yanafaa kulazia watoto. Padri ndiye anayeniandikia barua hii, na hilo ameliandika huku amenuna.

Mvua haijakatika tangu Pentekoste. Shayiri imeoza ikiwa imesimama. Watu wa monasteri walikuja na mkokoteni kuchukua zaka, wakachagua masuke makavu, wakatuachia yenye ukungu. Shamba letu la mtoni ndilo pekee lililotoa kitu, kwa kuwa lina mteremko na maji hayatuami. Niliwatazama wakilivuna. Nasema letu, kumbe ni lenu. Ulimi wangu haujazoea.

Nakumbuka siku ile. Kaburi la marehemu baba yako lilikuwa bado bichi. Nilibeba bonge la udongo wa shamba lile ndani ya aproni, nikaliweka altareni kama desturi ya kutoa shamba inavyotaka, nikakusimamisha wewe pembeni yake, na Abate, mkuu wenu, akapokea vyote viwili. Tuliahidiwa kwamba baba yako ataombewa mpaka mwisho wa dunia, wewe hutalala njaa, na mimi nikifa nitazikwa ndani ya ukuta wenu, karibu na watakatifu. Nilirudi nyumbani nikijiona mwerevu.

Sasa nina ombi. Kuna wale maskini kumi na wawili mnaowalisha langoni kwa heshima ya mitume. Niingize humo. Nitakaa kwa adabu. Hata kama nafasi iliyobaki ni ya Yuda, nitaichukua.

(Mimi Renier naandika anavyosema. Maneno si yangu.)

Mama yako,
Hersende

*

Monasteri ya Valmoru, Sikukuu ya Mtakatifu Martini

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta salama wewe na Maroie. Mimi sijambo. Colart wa mkokoteni wa kuni, ambaye hupita hapo kwenu kila siku akienda msituni, amekubali kutubebea barua. Mpe maji ya moto tu, hana makuu.

Mama, ombi lako nimelifikisha kwa mkuu wa sadaka. Alinisikiliza vizuri, kisha akanikumbusha kwamba mtawa hana mama; ana Abate. Nafasi kumi na mbili zina wenyewe, na nikimpenyeza mtu wa damu yangu nitakuwa nimeiba nafasi ya Kristo mwenyewe. Ndivyo nilivyoapa.

Jumapili Abate alihubiri kwamba Mungu ameweka maskini duniani ili matajiri wapate pa kuoshea dhambi zao. Mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa mbele kabisa aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Yeye ndiye anayelipia nusu ya dirisha jipya la kanisa, lenye Bwana akigawa mikate. Nusu nyingine inalipwa na ghala letu. Wanapeleka ngano mjini kila wiki, bei huko imepanda. Dirisha ni zuri, mama. Mikate yake ni ya rangi ya asali, na jua likipenya inamwagika sakafuni. Nimewahi kusimama juu yake nikiwa na njaa ya mfungo, nikakufikiria.

Colart atakuangushia kitu nyuma ya zizi. Usimshukuru kwa sauti.

Ndugu Aubert, mtawa

*

Vaucelot, Sikukuu ya Mtakatifu Lusia

Mwanangu,

Salamu. Je, u mzima? Nauliza kwa hofu, maana wiki nzima Colart amepita mikono mitupu na ananikwepa.

Makombo yako yalifika, Mungu akulipe. Nilikuwa nikiyalowesha kwa maji ya moto, Maroie anakula, mimi nakunywa maji yaliyobaki. Alisema mkate wa watawa una ladha ya mishumaa. Aliupenda hata hivyo, alikuwa analamba bakuli mpaka namwambia ataliondoa rangi.

Huku watu wanasaga njugu za miti ya mwaloni na maganda ya maharage. Paka hawaonekani tena kijijini na hakuna anayeuliza walikokwenda. Padri Renier mwenyewe amekonda, joho linamzunguka akigeuka. Sasa watoto hawalali tena kwenye mahubiri yake, njaa inawaamsha.

Nimewaza maneno ya Abate wako. Mwambie sisi maji ya kuoshea dhambi zao tumekauka, watafute mto mwingine. Na umuulize jambo moja. Mmeahidi kunipokea nikiwa maiti, mnizike pazuri, mniimbie. Sasa mnashindwaje kunipokea nikiwa bado natafuna? Kama shamba haliwezekani, nirudishieni basi hata lile bonge la udongo.

(Nilimsihi aliondoe hilo la Abate. Amekataa. Renier.)

Mama yako,
Hersende

*

Valmoru, Jumatatu baada ya Epifania

Mama mpendwa,

Nakuamkia. Samahani kwa kimya. Nilikatazwa kuandika.

Walinikamata. Nilikuwa naficha mkate wangu kwenye mkono wa joho wakati wa chakula, na siku moja kipande kikaanguka mbele ya ndugu anayetusomea mezani. Nililazwa kifudifudi mlangoni mwa kanisa, ndugu zangu wakanivuka mmoja mmoja wakienda kusali. Abate hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia kwa upole kwamba mkate wa mezani si wangu, ni wa Mungu, na mimi nimemwibia Mungu ili nimpe mama yangu. Nikamwuliza kama Mungu ana mama. Kwa swali hilo nimepewa kazi ya kuwaosha wagonjwa wa langoni, wale wanaokuja na homa ya njaa. Wanatoka madoa kifuani, na wengi hawafiki Jumapili. Nimeipenda kazi hiyo kuliko zote nilizopewa humu.

Sasa nisikilize. Kuna desturi moja hapa ambayo hata mkuu wa sadaka hawezi kuipinga. Mtawa akifa, nafasi yake mezani haiondolewi. Wanaweka msalaba mdogo wa mbao mbele ya kiti chake, na kwa siku thelathini fungu lake, yaani mkate mzima, maharage na kikombe cha divai, hupewa maskini mmoja, ili ale na kumwombea marehemu. Maskini huyo anaweza kuwa yeyote Abate atakayemkubali.

Ndugu Gosselin ni mzee sana na yuko kitandani tangu Noeli. Hamezi kitu. Nimeomba fungu lake liwe lako. Najua ninachokiandika. Ni mtu mwema, ndiye aliyenifundisha kusoma, nami kila asubuhi namgusa miguu kuona kama imepoa.

Kikohozi cha Maroie vipi?

Ndugu Aubert, mtawa

*

Vaucelot, siku ya kubariki mishumaa

Mwanangu,

Salamu.

Unauliza kikohozi cha Maroie. Kimekwisha. Tulimzika siku mbili kabla barua yako haijafika. Hakuteseka mwishoni. Alikuwa anataja vyakula tu, kimoja kimoja, kama mtu anayesali litania, na mimi nikawa namwitikia. Alipofika kwenye uji wa maziwa akanyamaza. Alizikwa nje, penye tope, kwa kuwa nafasi ya ndani ya ukuta ni yangu peke yangu kwa mujibu wa mapatano.

Sina machozi. Nadhani nayo yanahitaji chakula.

Huyo mzee wenu Gosselin namwombea. Sitakuficha, siombi apone. Padri Renier ameweka kalamu chini na kunitazama, lakini hakunikaripia. Mimi na wewe tumekuwa watu wa kusubiri mzee wa watu akate roho. Ukiungama, ungama kwa niaba yangu pia.

Fanya haraka, mwanangu, kama lipo la kufanya. Miguu imeanza kuvimba.

Mama yako,
Hersende

*

Valmoru, Jumatano ya Majivu

Mama yangu,

Nakuamkia. Nimesoma habari ya Maroie nikiwa nimekaa kati ya wagonjwa wangu, nikashukuru kwamba huku mtu akilia hakuna anayegeuka. Nilitaka awahi walau kuliona dirisha.

Ndugu Gosselin amepona. Alfajiri moja aliketi, akaomba supu, akanywa bakuli mbili, sasa anatembea na kulalamikia chumvi. Nilimwungamia kila kitu, jinsi nilivyokuwa nikimgusa miguu. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema, "Kijana, mimi naona aibu kwa kuchelewa." Kisha akalia, nami nikalia, tukakaa hivyo.

Lakini usikate tamaa. Nimemwomba Abate, naye amekubali mbele ya ndugu wote: fungu litakalofuata ni lako. Litaletwa na mkokoteni wa Colart ili usitembee na miguu hiyo. Haitakuwa muda mrefu. Likija, kula. Usimwachie mtu, usiulize ni la nani, usikae ukiona haya. Anayelitoa ameridhika.

Siku hizi nalala katika chumba cha wagonjwa, kuna moto mzuri kule. Usihangaike na mwandiko huu kupinda, kalamu ni mbovu.

Ile siku ya bonge la udongo, mama, usijilaumu. Ulifanya alivyofanya kila mjane wa bonde hili aliyempenda mwanawe.

Mwanao,
Aubert

*

Vaucelot, Jumapili ya katikati ya Kwaresima

Mwanangu Aubert,

Salamu nyingi sana, na leo nazituma nikiwa nimeshiba. Natumaini nawe u mzima na moto wa chumba kile bado unawaka.

Umefanikiwa, mwanangu. Jumatatu mkokoteni ulisimama hapa. Mkokoteni uleule uliobeba shayiri yetu! Colart hakutaka utani kabisa, alikaa akitazama masikio ya ng'ombe wake. Nyuma alikuwepo mtawa mzee sana, amefunikwa gunia, na mapajani ana mkate mzima, maharage kwenye sufuria, na divai. Alishuka kwa shida akanipa kwa mikono miwili. Nikamwuliza, "Hili ni fungu la Ndugu Gosselin, amerudiwa na homa?" Akaweka sawa gunia lake, akasema, "Ingekuwa haki, mama, lingekuwa la Gosselin." Sikumwelewa. Watawa mna maneno yenu. Nikamwuliza jina la marehemu ili nimwombee. Akasema nimwombee tu, Mungu anamjua. Nikamwuliza habari zako, akasema umepumzika. Nilifurahi, maana najua wanavyokutumikisha.

Anakuja kila siku, anakaa mpaka nimalize kula, kana kwamba nitaudondosha. Uvimbe wa miguu umepungua. Jana nilifika mpaka kaburini kwa Maroie nikang'oa magugu.

Namwombea huyo ndugu yenu kila ninapomega. Simjui, lakini sijawahi kumwombea mtu kwa moyo kama huu, hata baba yako. Nimemwombea na mama yake pia, kama yu hai, Mungu amshike mkono siku atakayoambiwa.

Padri alinisomea barua yako. Mwishoni umeandika "mwanao", bila utawa. Nilimwambia asome tena, akasoma. Leo nimemwomba mara ya tatu, amesema macho yanamwuma. Amezeeka ghafla.

Niandikie upesi.

Mama yako,
Hersende

*

Ndugu Gosselin, wewe unayemletea mkate, najua barua hii itafika mikononi mwako. Nimeandika alivyosema, neno kwa neno, na leo sikubisha. Umeniuliza kupitia Colart kama nimeshamwambia. Sijamwambia. Akijua mkate ni wa nani hatautia mdomoni, na kijana aliutaka uliwe. Nitamwambia siku thelathini zikiisha.

Renier, padri wa Vaucelot