Hatua za Baba Nilizitembea Mimi

Dada Syprose mpendwa, mshauri wetu wa gazetini,

Naomba msaada na usinicheke, maana mimi Nasifu niliishia darasa la sita lakini hapa Tororo wa kunishinda kwa miguu hajazaliwa, nakwenda Mukuju na kurudi chai bado ya moto, na hiyo miguu ndiyo imeniletea balaa. Baba yangu, Mzee Mahmudu, ni dereva wa lori, na tangu mafuta na vipuri vipotee lori limelala uani, naye amekaa tu ananenepa, mpaka daktari akamwambia presha imepanda, akampa vidonge na kidude cha kufunga kiunoni kinachohesabu hatua, kila jioni aandike namba kwenye daftari, na kila wiki azidishe hatua elfu moja. Siku ya kwanza tu wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walimketisha chini juani, akarudi anahema, akakivua: "Vaa wewe. Lori likibadilishwa dereva, maili si zinaendelea?" Nami kwa majivuno nikavaa, na wiki ya tatu namletea elfu kumi na nne kwa siku! Hata askari aliponikamata akidhani ni redio ya kijasusi nilimwambia, "Afande, hii inahesabu miguu tu," akanipigisha kwata hatua hamsini kuhakikisha, zikatimia, na hizo pia nikamwandikia baba. Basi daktari ameona daftari, akampongeza mzee, akampunguzia vidonge nusu. Sasa baba anashika ukuta akienda chooni, juzi kamwita mama kwa jina la shangazi, na ameniapisha nisimwambie mtu. Nikisema namwaibisha mzee wangu, nikinyamaza naogopa. Nifanyeje?

Nasifu, Tororo

Nasifu,

Nimeicheka hiyo kwata, halafu nikasoma ulipofika kwenye vidonge, kicheko kikaniisha. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa mkono wa msafiri, maana gazeti lingechelewa.

Daktari hakupunguza dawa za Mzee Mahmudu. Alipunguza dawa za mtu mwenye miguu yako, na mtu huyo haumwi. Unaelewa sasa ulichoandika kwenye lile daftari?

Baba yako naye simchekelei. Lakini mzee aliyezoea kusalimiwa barabara nzima, kuketishwa mavumbini mbele ya watu wanaomjua si jambo dogo. Hakukimbia kutembea, alikimbia ile aibu. Wewe hukuiona kwa sababu ulikuwa unahesabu.

Ukimaliza kusoma, mwambie mama yako yote. Kiapo cha kuficha ugonjwa wa mtu hakikufungi. Vidonge msimwongezee wenyewe, hiyo ni kazi ya daktari. Mpelekeni leo hii, kwenye baiskeli, usimtembeze hata kidogo. Daftari ulishike wewe, uonyeshe kwa kidole namba zako ni zipi. Daktari akifoka, nyamaza. Umestahili.

Siku akiruhusiwa kutembea tena, kidude kikae kiunoni mwake, nawe uwe pembeni yake, mpite nyuma ya nyumba, njia za shambani, mbali na kizuizi. Akipata mia tatu, aandike mia tatu. Na usimkimbize, shujaa.

Najua atakutukana njia nzima ya kwenda kwa daktari. Sukuma baiskeli. Maadamu ana pumzi ya kukutukana, hujachelewa.