Vitundu vya Sindano kwenye Karatasi ya Ghzala

Jumapili, 25 Machi 1962

Ribi Shushan, rabi na mkuu wa shule yetu, katukusanya walimu wote watatu kabla ya kengele. Ana jambo jipya. Kila msichana atanakili ukurasa mmoja wa masimulizi ya Pasaka yetu Wayahudi, ya kutoka Misri, kwa Kiebrania, aende nao nyumbani, ausome kwa sauti kila jioni. Baba au mama amsikilize, kisha aweke alama chini ya karatasi. Sahihi, kidole, chochote.

Zaira, mwalimu mwenzangu, akauliza, na mama asiyejua kusoma je? Karibu wote hapa mtaani hawajui. Ribi akasema masikio wanayo. Akasema sisi tunamshika mtoto mkono mmoja tu, wa pili umeshikwa nyumbani; tukivutana, tutamng'oa bega.

Ni maneno mazuri. Lakini mimi ndiye nitakayesahihisha karatasi ishirini na sita.

Jumatano, 28 Machi

Karatasi zimeanza kurudi. Vidole vya wino, vidole vya mafuta, kimoja cha hina. Mamake Rahel kachora samaki. Nimecheka peke yangu.

Ya Ghzala imerudi tupu. Siku ya tatu sasa. Ghzala binti wa Huita, mfua fedha, ana miaka tisa, nyumba yao imeegemeana na shule ukuta kwa ukuta. Nikamuuliza nani kamsikiliza. Mama. Mbona hajaweka alama? Ameweka. Nikaigeuza karatasi mbele ya darasa, huku na huku. Hakuna kitu. Akasema tena, ameweka, mama yangu anasoma na ameweka.

Darasa zima likaangua kicheko. Rahel akasema, "Mama yako kasoma wapi, kwa mbuzi?"

Nikamsimamisha Ghzala uso ukutani mpaka mwisho wa somo. Kwa kusema uongo. Hakulia. Afadhali angelia.

Alhamisi, 29 Machi

Sijui niandikeje hili.

Asubuhi nilikuwa nazipanga karatasi dirishani. Nikainua ya Ghzala, jua likapita ndani yake. Vitundu. Vidogo mno, vya sindano. Nikahesabu kumi na kimoja. Kila kitundu chini ya neno, na kila neno ni lile analokosea Ghzala. Alilolivuta isivyotakiwa. Alilolimeza mwisho wake. Matatu kati ya hayo mimi mwenyewe sikuwa nimeyasikia — leo nimemsikiliza vizuri, ni kweli, anakosea pale.

Kuna mtu nyumba ile mwenye sikio kunizidi mimi.

Na mtoto nilimsimamisha ukutani.

Jumapili, 1 Aprili

Nimepita dukani kwa Huita. Lazima ni yeye, nilijiambia. Wanaume wa ukoo ule wamesoma. Alikuwa amepinda juu ya bangili, lenzi jichoni. Nikamshukuru kwa kumsikiliza binti yake.

"Mimi? Mwalimu, mimi nikifika nyumbani nala nikiwa nimefumba macho."

Basi labda mama yake.

Akacheka, si kwa ubaya. "Kmira? Mke wangu hajui alifu wala bee. Kitabu akipewa kichwa chini, atakibusu hivyohivyo."

Jumatano, 4 Aprili

Leo jioni unaingia Nisani, mwezi wa Pasaka. Kila nyumba inakaanga shayiri ya bsisa, unga wa kukaribisha mwezi, mtaa mzima unanukia. Nilikwenda kwa Kmira baada ya adhuhuri, zamu yangu ilipokwisha. Ghzala alikuwa katumwa kwa shangazi yake kupeleka mafuta.

Mlango ulikuwa wazi. Sauti ikaniita nipande darini. Kmira alikuwa amepiga magoti katikati ya sufu ya magodoro aliyoitandaza juani. Mwembamba, labda miaka thelathini. Hakusimama. Alinionyesha kwa kidole: ngoja.

Chini yetu, upande wa pili wa ukuta, Zaira alikuwa anafundisha wakubwa. Kila neno linapanda juu pale kama limetumwa. Na Kmira, mikono ndani ya sufu, midomo inakwenda. Nikadhani anamfuatisha Zaira. Nikasogea. Hakuwa anamfuatisha. Alikuwa amemtangulia, nusu neno mbele. Zaira akaruka mstari — huruka, namjua — na Kmira akautamka ule mstari taratibu, kisha akamkuta Zaira alikofika.

Nikakaa juu ya sufu.

"Tangu lini, mama Ghzala?"

"Tangu shule ilipofunguliwa. Ghzala alikuwa anatambaa. Nilikuwa napanda kuanika nguo. Baadaye nikawa naanika hata zilizokauka."

Madarasa yote. Miaka minane. Anavyo kichwani Pasaka nzima, Zaburi ambazo hata sikuzihesabu, baraka, kitabu cha Esta kutoka mwanzo hadi mwisho. Herufi hajui hata moja.

"Mtoto anaweka kidole, mimi nafuata kidole. Akikosea, nachoma pale kilipo."

"Kwa sindano."

"Kalamu sijawahi kuishika. Sindano nimeishika tangu sijaota meno ya ukubwa."

Nikamweleza nilichomfanyia Ghzala. Aliendelea kuchambua sufu. Kisha akasema mtoto alimwambia alianguka uwanjani, ndiyo maana macho mekundu. Akaniomba jambo moja tu: nisimwambie. Ghzala anaamini mama yake anasoma. Ndiye mtoto pekee mtaa mzima mwenye mama anayesoma.

Nikaahidi. Nilikuwa tayari kuahidi chochote.

Alhamisi, 5 Aprili

Nimesimama mbele ya darasa nikasema: wiki iliyopita nilimwita Ghzala mwongo. Nilikosea mimi. Alama ya mama yake ipo, mimi ndiye sikujua kuitazama. Nikamwomba msamaha. Rahel mdomo wazi. Ghzala akakaa wima kama mshumaa.

Kisha kwa Ribi Shushan. Mbele yake sikujua pa kuanzia, nikampa karatasi tu na kumwonyesha dirisha. Akaiinua. Akaigeuza, akaiinua tena, huku nikimsimulia niliyoyaona darini. Nilitegemea aseme neno la hekima, analo siku zote. Akasema tu, "Wako wangapi wengine?"

Sikumwelewa.

"Darini, Mesauda. Nyuma ya milango. Wako wangapi wengine?"

Jumatatu, 9 Aprili

Nimeharibu. Msamaha wangu umemlevya mtoto kwa fahari. Kwenye chakula cha Sabato kamwambia baba yake mbele ya ami zake wawili: mama anasoma kunishinda, mwalimu mwenyewe kasema. Ami zake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Huita naye akacheka, kisha akaongeza: haya, basi kwenye meza ya Pasaka hii Kmira atatusomea yeye, ami wachague ukurasa.

Kmira kaja kunieleza, ushungi umefunika nusu ya uso. Nikamwambia nitakwenda nikaseme na Huita.

"Hapana. Nimebakiwa na siku tisa. Nifundishe."

Siku tisa. Watoto wangu huchukua mwaka.

Jumatano, 11 Aprili

Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Darini, Ghzala akiwa bado shuleni, Zaira kanishikia darasa. Nilileta ukurasa wa mkate wa dhiki, ule unaofungua masimulizi. Nikaweka kidole chake kwenye neno la kwanza, nikasema, hili ni lile la kwanza unalolijua. Akalitamka. La pili. La tatu. Kisha akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Hii hapa. Ile pale. Ni ileile?"

Ni ileile.

"Na inasema vilevile?"

Kila mahali, mama Ghzala.

Akaitafuta ukurasa mzima, herufi ile moja, anaigusa, anaigusa, kama mtu aliyeingia harusini akakuta ndugu zake wote wamekaa katikati ya wageni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Watoto hupewa herufi na kutafuta sauti. Huyu sauti zote anazo, amezibeba miaka minane gizani, sasa zinamjia moja moja zikiwa na sura.

Herufi tisa leo. Tisa.

Jumatatu, 16 Aprili

Nyumbani tunakung'uta makabati, mama anatafuta chembe za mkate wenye chachu, uliokatazwa Pasaka, hata ndani ya viatu vyangu. Naandika kwa kuiba muda.

Kmira ana herufi zote isipokuwa zile zinazofanana. Hizo zinamtesa. Ukurasa autambuao mwanzo wake anaukamata. Akifunguliwa katikati, anapotea, anarudi, anapotea.

Huita kanisubiri langoni pa shule. Hakunitazama. Akasema majirani wanamwambia darini kwake kuna shule ya pili. Nikasema ndiyo. Akasugua vidole vyake vyeusi.

"Ataweza?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe.

"Naogopa," akasema. "Nilisema kwa mzaha. Sasa ndugu zangu wanahesabu siku. Wakimcheka, mimi ndiye nitakayekuwa nimewapa sababu."

Nikamwambia amwambie hivyohivyo. Sijui kama amemwambia.

Jumatano, 18 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Jua bado liko kidole kimoja juu ya ukuta, likizama sitaweza kuandika mpaka sikukuu ipite. Tumealikwa mezani kwa Huita, mimi na mama. Mama anauliza kwa nini kwao na si kwa mjomba. Nimesema utaona. Sijui ataona nini.

Asubuhi nilimkuta Kmira anaosha majani ya saladi, uso mweupe. Kasema lililomnyima usingizi si ami wala Huita. Ni Ghzala. Mama akikwama mezani, mtoto atajua mbele ya watu kwamba miaka yote hii alikuwa anafuata kidole tu. Nikamwambia amweleze kabla ya jioni. Akasema ndiyo. Kisha akasema hawezi. Kisha akaendelea kuosha majani yaliyokwisha kuwa safi.

Mama ananiita, nivae.

Mlango unagongwa.

Ni Ghzala. Gauni jipya, nywele mbichi, amekimbia. Kasimama mbele yangu ninapoandika, hataki kuketi, hana muda. Anashika karatasi ileile ya mkate wa dhiki. Anasema mama yake kamweleza yote kuhusu kidole, kisha kamtuma, mbio, kabla jua halijazama. Anasema yeye ameshamweleza mara tatu, lakini mama yake ni mbishi, kasema nenda kamuulize mwalimu wako: hii herufi kafu ikiwa na nukta tumboni inasomwaje, na isipokuwa nayo je?

"Nimemwambia, mwalimu. Haniamini. Anasema mimi bado ni mwanafunzi."

Na anacheka, macho mekundu tena, ananyoosha karatasi kuelekea mwanga ili nione vizuri herufi ipi. Jua liko ukingoni mwa ukuta. Ninamwambia, ikiwa na nukta