Kwa Nini Picha Imekatika

Ramisi, Kwale
9 Februari 2025

Kaka yangu mpendwa Kitonga,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Wahali gani huko Doha? Lile bega limepoa? Sisi tupo kwa rehema za Mungu, ila Mama hali yake si ya kusifia. Barua hii nampa Purity, binti wa jirani, anayerudi kazini huko. Kwa simu siwezi kusema, maana nyumba ni ndogo, na Mama mwili umelala lakini masikio hayajalala.

Najua umechoshwa na habari za intaneti. Umetuamuru tuzime ruta na kuiwasha, tumezima na kuwasha, hata vitaa vyake sasa navijua kuliko rozari yangu. Mara ya kwanza picha ya kamera ilipokatika, ilikuwa hitilafu ya kweli. Kampuni ilituletea ruta mpya, nayo ikaja na poti zimefungwa. Fundi Dzombo wa Msambweni alinieleza kwamba poti ni vijia vyenye namba ndani ya ruta. Kamera yako ina chake, na kikizibwa wewe wa nje huoni kitu, hata kama sisi wa ndani mtandao tunao. Alijaribu kwa bando la simu yake, akasema kweli pameziba. Akazibua, nawe ukanipigia ukicheka kwamba nimekonda.

Sasa sikiza, kaka. Ulipoitundika kamera sebuleni, Mama alikuwa akitembea. Alipopata kiharusi tulimhamishia kitanda hapo, maana chumbani kwake hakuna hewa. Hapo ndipo ninapomwogesha na kumbadilisha, na kamera inamtazama. Siku moja niliifunika kwa leso; ukapiga simu papo hapo ukifoka, nani amefunika, mnanificha nini. Mama alisikia. Akaniambia nifunue, asije akatugombanisha.

Mtandao ulipoziba ndipo alipopumua. Alioga bila kulia, hata uji akamaliza. Dzombo alipozibua, Mama alikataa kuguswa. Alikaa na uchafu wake, akasema mwana wa kiume aliyemnyonyesha hatamwona uchi, heri afe. Nilimbembeleza, nikamwombea, wapi. Haukupita muda mgongo ukafanya kidonda.

Basi mimi ndiye niliyemwita Dzombo aje kuziba tena. Alinicheka, akasema tangu aanze kazi hii kila mteja hutaka kufunguliwa, mama wa kanisa kama mimi ndiye wa kwanza kutaka kufungiwa. Nikampeleka akamwone Mama, amejifunika shuka hadi shingoni mbele ya kamera, kwa joto lile. Dzombo hakucheka tena. Aliziba akaenda zake. Yale niliyokuambia, kwamba kampuni ndiyo imezuia, ni uongo wangu. Kwa padre nimekwisha kuungama. Ulikuwa umebaki wewe.

Na bado sijamaliza. Kidonda kimefika mfupani. Tulimpeleka hospitali, daktari akatuambia tumrudishe Mama nyumbani. Hakutaja siku, alinishika mkono tu. Nikimwita Dzombo leo utamwona Mama jioni, lakini nimemwahidi Mama kwa jina la Yesu kwamba kamera haitamwona tena, na ahadi hiyo sitaivunja hata ukinikasirikia.

Mama hana kinyongo nawe. Kila siku hukutaja. Anasema uje mwenyewe, ubishe hodi, usubiri nje kidogo nimvike lile gauni lake la Pasaka na kumfunga kilemba. Halafu uingie, ukae karibu naye, umtazame mpaka utosheke.

Kivuva mume wangu anakusalimu sana, na wapwa zako pia, wale watoto wangu. Waumini wa jumuiya yetu huja kusali naye kila Alhamisi. Omba ruhusa kwa wakubwa wako, kaka. Ukingoja likizo yako hutamkuta.

Mungu akutangulie. Tafadhali nijibu upesi, uniambie unakuja lini.

Ni mimi dadako,
Mbinya