Mpita Njia na Maoni Yaliyofungwa

KAMATI YA BLOGU ZA WANAFUNZI
Kumbukumbu za kikao cha sita, kilichofanyika maktaba ya shule, Jumamosi tarehe 14 Juni, kuanzia saa 9:15 alasiri

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (mzazi, muuguzi); Mwalimu wa kompyuta; Mkutubi; Katibu (mwalimu wa Kiswahili)
WAALIKWA: Mwanafunzi wa kidato cha pili, mama yake, fundi saa
ASIYEHUDHURIA: Makamu mkuu wa shule (bila taarifa, mara ya tatu)

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifika moja kwa moja kutoka zamu, akaomba radhi kwa kuchelewa na kuwasihi wajumbe wasianze na lawama. Mwalimu wa kompyuta alisema hana lawama, ana hoja.

KUMB. NA. 2/6: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Zilithibitishwa, isipokuwa Mwalimu wa kompyuta alitaka neno "alifoka" lisomeke "alisisitiza". Katibu alirekebisha.

KUMB. NA. 3/6: KUFUNGWA KWA MAONI
Mwalimu wa kompyuta alieleza kwamba wiki mbili zilizopita alifunga sehemu ya maoni katika blogu zote. Sababu ilikuwa mtu mzima asiyejulikana, anayejiita Mpita Njia, aliyeandika maoni kumi na moja kwenye blogu ya binti mmoja wa kidato cha pili. Alisema, "Mimi nina mabinti. Mtu asiye na sura akimwandikia mtoto mara kumi na moja, sisubiri kikao."

Mkutubi alihoji kamati ni ya nini basi. Mwalimu wa kompyuta alisisitiza. Mwenyekiti alisema hofu ile ni ya mzazi na haidharauliki, lakini maoni yenyewe yasomwe kwanza.

KUMB. NA. 4/6: MAONI YALIYOSOMWA
Katibu alieleza kwamba binti huyo huandika kuhusu baba yake, dereva wa lori, ambaye mwaka jana alipata kiharusi na kupoteza usemi. Katibu alikiri kwamba chini ya makala zote tisa yeye aliandika "Kazi nzuri, endelea", na kwamba maneno hayo alikuwa akiyanakili tu.

Mpita Njia aliandika: "Akitaka maji anakuonyeshaje?" Wiki iliyofuata: "Siku hizi anacheka na nini?" Hakuuliza jina, makazi wala picha. Binti alijibu kila swali kwa aya nzima. Tangu maoni yafungwe, hajaandika kitu.

Mkutubi alieleza kwamba Jumatatu fundi saa, ambaye huja kutengeneza saa ya ofisi na aliiona anwani ya blogu kwenye ubao wa matangazo, alifika maktaba kuuliza kama amemkosea mtoto. Ndipo ikajulikana Mpita Njia ni nani.

KUMB. NA. 5/6: MAELEZO YA WAALIKWA
Fundi saa alisema marehemu mkewe aliishi miaka minne bila kusema. "Watu walikuwa wananiuliza mimi, mgonjwa anaendeleaje, na mwenyewe amekaa palepale anasikia. Nilipomsoma huyu mjukuu wangu, nikaona anamwandika baba yake kama mtu. Nikatamani kumjua huyo baba." Aliongeza kwamba siku moja binti alimgeuzia swali: "Na bibi, yeye alikuwa anacheka na nini?" Alisema ilikuwa miaka sita hajaulizwa habari za mkewe. Hapo alivua miwani akaifuta, na kikao kikamsubiri.

Mama wa mwanafunzi alisema, "Kila jioni mume wangu ananionyesha simu kwa mkono wa kushoto. Anataka asomewe kaulizwa nini. Nimemwambia mtandao umekatika. Wiki mbili nzima namdanganya mtu ambaye hawezi hata kunibishia."

KUMB. NA. 6/6: MAAMUZI
Mwalimu wa kompyuta alisema aliyahesabu maoni yale, hakuyasoma. Alimwambia fundi saa, "Mzee wangu, niwie radhi." Fundi saa alijibu, "Ulikuwa unamlinda mtoto. Ningekuwa wewe, ningefunga mapema zaidi."

Iliamuliwa:
(a) Maoni yafunguliwe leo. Mwalimu wa kompyuta aliyafungua papo hapo.
(b) Wasomaji wa nje wajiandikishe kwa Mkutubi, na maoni yao yapitiwe na Katibu kabla ya kuonekana.
(c) Kila mjumbe asome blogu ya mwanafunzi mmoja kila wiki na kumwuliza jambo ambalo kweli anataka kulijua.
(d) Katibu asiandike tena "Kazi nzuri, endelea". Hoja ya Mkutubi. Haikupata mpinzani, hata Katibu.

KUMB. NA. 7/6: MENGINEYO
Fundi saa aliomba kwenda kumjulia hali mgonjwa. Mama alisema mumewe haoni raha wageni wakimkuta alivyo sasa, atamwuliza kwanza.

Mwalimu wa kompyuta alimwuliza mwanafunzi kama baba yake hupenda redio au hupenda kimya. Mwanafunzi alijibu, "Mwulize mwenyewe, mwalimu. Andika tu pale chini, nitamsomea. Anajibu, ila inabidi usubiri."

Mwalimu wa kompyuta alisema atasubiri.

Kwa kuwa hapakuwa na la kuongeza, Mwenyekiti aliwaruhusu wajumbe saa 11:05 jioni.

Mwenyekiti: ....................  Tarehe: ..............

Katibu: ....................  Tarehe: ..............