Saa Aliyofika Bibi wa Kikoneni

Mpendwa mshauri Bi Hanifa, baada ya salamu naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo utafiti wetu unasomwa Kwale mbele ya wakubwa, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba una uongo ndani yake.

Watafiti wameniajiri nikae katika chumba cha dharura cha hospitali moja huku kusini, niandike mgonjwa amefika saa ngapi, ameonwa saa ngapi, na baada ya siku thelathini yu hali gani, sasa muuguzi wetu, Matano, yuko peke yake zamu nzima, mtu mwema, hali chakula mpaka alasiri, nami kwa kumwonea huruma nikazoea kuandika saa ya kufika pale kadi inapofunguliwa, si pale mgonjwa anapoketi kwenye benchi, ili Matano asionekane mzembe.

Basi siku moja saa mbili na robo asubuhi akaja bibi mmoja wa Kikoneni, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwuliza hali akasema hajambo, alhamdulillahi, akaketi, na kila mama aliyeingia na mtoto analia akamwambia, "Pita mwanangu, mimi naweza kungoja," nami nikaona kweli anaweza, kumbe mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi tangu alfajiri na ameuficha ndani ya buibui kwa haya. Kadi yake ilifunguliwa saa tano, mdomo umeshaanza kwenda upande. Akaonwa saa tano na dakika kumi, kwa hiyo kwenye karatasi yangu amengoja dakika kumi.

Juzi nikaenda kwake kuandika hali ya siku ya thelathini, akanipa mkono wa kushoto huku akiniomba radhi kwa kunipa wa kushoto, akasema kwa shida, "Wewe ndiwe uliyeniamkia." Bi Hanifa, nililia njia nzima. Nikisema, Matano ataadhibiwa nami nitafukuzwa. Nikinyamaza, sijui nitaishi vipi na mkono ule. Nifanyeje?

Mwandika Saa, Ukunda

*

Mwanangu Mwandika Saa,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo nivumilie.

Unasema ulimhurumia Matano. Huruma gani hiyo? Jumatatu wakubwa watasoma kwamba kwenu mtu hungoja dakika kumi, watafurahi, na muuguzi wa pili atapelekwa kwingine. Matano ataendelea kula chakula cha mchana alasiri mpaka astaafu, na aliyemfunga hapo ni wewe.

Bibi angepona lau angeonwa mapema? Hilo Mola ndiye ajuaye, wala usijibebeshe. Lakini watafiti walikuja kuuliza swali hilohilo, na wewe umewapa jibu la kubuni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mlioficha ni wawili. Yeye alificha mkono kwa haya. Wewe uliificha benchi nzima.

Leo hii mwone Matano kwanza, asije akayasikia barazani. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wa utafiti, umweleze kama ulivyonieleza mimi, bila kupunguza. Usifute kitu kwa siri. Palipoandikwa saa tano, andika pembeni saa mbili na robo, weka tarehe na sahihi yako. Karatasi nyingine usizozikumbuka, sema huzikumbuki, ziwekwe kando. Huenda ukafukuzwa kazi, na siwezi kukuahidi vinginevyo. Hata hivyo nenda.

Kisha urudi Kikoneni ukamwambie bibi mwenyewe. Saa zile karibu tatu ni zake, naye ana haki ya kujua zilikopotelea. Na popote utakapofanya kazi tena, jua kwamba mzee wa huku ukimwuliza hali atakujibu njema hata akiwa hoi. Hiyo ni adabu yake, si habari ya mwili wake.

Kwa hiyo ukifika mlangoni utamwamkia, ataitika, utamwuliza hali, atasema hajambo. Safari hii usiandike kitu. Keti chini, umshike mkono ule wa kulia, umwulize tena.