Mwezi Ulioandama Redioni

Mchinga, Lindi
18 Mei 1957
(Mfunguo Mosi 18 kwa hesabu yangu, 17 kwa hesabu ya kaka Shaweji)

Mpendwa mdogo wangu Abdulrahmani,

Assalaam alaikum. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Natumaini Unguja imekuweka vizuri, kifua kimepoa na kazi ya bandarini haikuvunji mgongo. Mkeo je, na mtoto? Mara ya mwisho uliandika ana meno mawili; kwa hesabu yangu sasa yamefika sita. Sisi huku wazima, tunashukuru, isipokuwa mama, na habari zake zitakuja kwa mpango wake, maana ndizo zilizonikalisha kitako kuandika.

Masika ya mwaka huu yamepitiliza. Barabara ya Lindi imekatika mahali pawili, na kwa wiki tano gari limepita mara tatu tu. Muhogo unaoza ardhini. Minazi haijambo. Ziada binti yangu alikuwa amefika juzuu ya kumi na mbili kwa baba yake mkubwa, kaka Shaweji. Siku hizi haendi chuoni kwake, na sababu yake utaiona.

Sababu ni redio. Ile uliyoiona ulipokuja bado ipo barazani dukani. Mimi sikuirithi, wala duka sikulirithi. Nilikata mkonge miaka saba, nikabeba mbata za nazi kichwani hadi Lindi, ndipo nikaweza kukaa nyuma ya meza. Jioni moja nilihesabu watu sitini na mmoja uani kwangu, na hapo sijawahesabu waliosimama nje ya ua. Wanasikiliza habari, bei ya mbata, tarabu, na siku nyingine stesheni ya Kairo. Hakuna aliyewahi kuniletea hata kigoda cha kukalia. Sawa. Lakini sikiliza maneno yao sasa: ikitoa tarabu, ni redio yetu, ikitoa mwezi, ni redio ya Mfaume.

Jumanne ya tarehe 30 Aprili ndiyo ilikuwa ishirini na tisa ya Ramadhani. Kaka Shaweji alishuka pwani na watu wazima watatu kutazama mwezi, kama afanyavyo kila mwaka. Wingu lilikuwa zito, hawakuona kitu. Akatangaza msikitini kwamba tukamilishe thelathini. Hapo hana kosa, ndivyo sheria ilivyo. Saa mbili usiku nikafungua redio, na sauti kutoka Dar es Salaam ikasema mwezi umeonekana Unguja, kesho ni Sikukuu. Uani watu wakaruka, watoto wakapiga makopo. Nikatuma mtu kwa kaka.

Yule mtu akarudi na jibu: "Mwambie Mfaume, mimi shahidi namjua kwa jina lake na la baba yake. Hilo sanduku ni mtoto wa nani?"

Nikaona ni kiburi tu. Kesho yake nyumba thelathini na saba tulikula na kusali uwanjani mbele ya duka. Nyumba hamsini na nane zikafunga. Nimezihesabu mwenyewe. Kijiji kimoja, Sikukuu mbili. Na hesabu hii haina njia ya katikati. Kama mwezi uliandama, wale walifunga siku ya Sikukuu, nayo ni haramu. Kama haukuandama, sisi tulikula Ramadhani mchana kweupe. Upande mmoja umekosa, hakuna ujanja. Biasha, yule jirani yetu muuza vitumbua, akaja dukani na watu wamejaa: "We Mfaume, hebu liulize sanduku lako, lilitawadha kabla ya kutoa ushahidi?" Wanacheka mpaka leo.

Kicheko ningekimeza. Kisichomezeka ni hiki cha mama.

Kama ujuavyo, mama anakaa kwa kaka. Usiku ule alikula daku na kutia nia kama wenziwe. Asubuhi mimi, kwa furaha yangu, nikamtuma Ziada na sahani. Kaka alikuwa ameshatoka kwenda shamba. Mama akauliza, "Nani kasema?" Ziada akajibu, "Baba kasema mwezi umeandama." Mama akadhani habari imefika alfajiri na kaka ameikubali. Akala vipande viwili vya mkate wa kumimina na chai kikombe kimoja. Adhuhuri kaka akarudi, midomo imemkauka, amefunga.

Mama amepita miaka sabini, na katika umri wote huo hajawahi kubaki na deni la siku hata moja. Zote alizilipa kabla ya Ramadhani kurudi. Sasa anataka kuilipa hii. Nguvu hana. Homa ya mwezi wa tatu ilimwacha mwepesi, na mganga wa dispensari amesema asikae na njaa mpaka mwili urudi. Hata Ramadhani yenyewe aliifunga kwa ubishi. Kaka kamwambia mgonjwa ana ruhusa, hasikii. Mimi nikamwambia, mama, una miezi kumi na moja, subiri upone. Akanitazama. "Miezi kumi na moja nimeahidiwa na nani?"



Kaka na mimi tunapeana salamu tu, basi. Yeye ananiona mimi ndiye niliyemlisha mama. Mimi nilimwona yeye ndiye aliyekataa habari njema kwa sababu haikupitia mlangoni kwake.

Nimefikiri sana nyuma ya meza yangu. Zamani habari ilikuja na mtu. Unampa maji, unamuuliza katoka kwa nani, kalala wapi njiani, nani mwingine aliyeona, akisitasita umeshamjua. Siku hizi sauti inafika na mtu hafiki. Sisemi inadanganya. Bei ya mbata imenitajia mara nyingi, nami nikifika Lindi naikuta ile ile. Wanunuzi hawanipunji tena, wala hawawapunji hao wanaonicheka. Ila huwezi kuikatiza ukaiuliza. Inasema na watu wote kwa pamoja, na hakuna hata mmoja anayeweza kuijibu.

Na kuna jambo sikumwambia mtu mpaka jana. Betri yangu ni moja, na nyingine haipatikani mpaka Lindi. Kwa hiyo nina desturi: nikishapata kiini cha habari, nazima. Usiku ule sauti iliposema kesho ni Sikukuu, haikuishia hapo. Ilianza kusema mwezi huo umeonwa na... nami nikageuza kitufe. Naokoa betri. Huenda majina yalitajwa, na ya baba zao. Uani kulijaa watu na hakuna aliyelalamika, kila mmoja alishapata alichotaka. Jibu la swali la kaka labda lilikuwa likipita hewani dakika ile ile, na mkono uliolikata ni wangu. Wiki mbili na nusu namwita mwenzangu mwenye kiburi.

Jana nilikwenda kwa mama nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema, "Basi kaulize vizuri. Nitangoja Mfunguo Mosi huu uishe. Ukiisha sijapata jawabu, nafunga."

Zimebaki siku kumi na moja, au kumi na mbili. Kwa hiyo, mdogo wangu, barua hii ikikufikia usilale nayo. Kama uliuona mwezi ule kwa macho yako, sema ulisimama wapi. Kama hukuuona, nenda kwa wanaojua, uliza nani waliuona, niletee majina yao na ya baba zao. Andika kwa herufi za Kiarabu, siyo hizi zangu za Kizungu. Kaka Shaweji ndiye aliyekufundisha kushika kalamu, anaijua herufi yako ya kafu hata gizani, na mama anamwamini yeye asomapo. Simu ya maandishi ya posta usipige. Maneno kumi ya karani ni sanduku jingine tu.

Na kama umeuliza hukupata jina la mtu, andika hivyo hivyo. Usinitafutie heshima kwa tumbo la mama. Likija jawabu kwamba tunadaiwa, nitafunga siku hiyo pamoja naye, kisha nitapita nyumba zile thelathini na sita, moja moja, niwaambie kwa mdomo wangu.

Ziada anakusalimu sana, na mama yake pia. Msalimie mkeo, na mwanao mpakate kwa niaba yangu. Biasha naye anakusalimu, usimjibu. Kaka Shaweji hakunipa salamu za kukuletea, maana hajui kama naandika, lakini zipo. Mama anakuombea Mungu akulinde baharini na nchi kavu, akurudishe kwetu ukiwa na afya. Amina.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Mfaume Likwata