Niliomba Kura za Ndiyo, Mimi Nikapiga Hapana

Bi Rosalind mpendwa,

Safu yako nimeisoma miaka mingi nikicheka matatizo ya wenzangu, na leo zamu yangu imefika, kwa hiyo nisikilize kwa huruma ukiweza, na kama huwezi basi nisikilize tu. Mimi ni mjane wa miaka sabini na tatu, naishi mji mdogo wa machimbo kusini mwa Colorado, ambako makaa ya mawe yaliisha kabla sijaolewa, na binti yangu wa pekee, Colleen, anafundisha muziki katika shule zetu za mkataba. Ziko tatu. Ni shule za umma na hazitozi ada, ila haziko chini ya wilaya, zinaendeshwa kwa mkataba na bodi ya wazazi, tuliyoiunda wenyewe wilaya ilipotufungia shule miaka kumi na minne iliyopita, na jimbo hutoa fedha kwa kila mtoto, fedha zinazotosha mishahara na vitabu lakini hazitoshi mapaa yanayovuja wala mabasi wala mashine za kupasha joto ambazo kila Januari hutufia. Ndipo mwaka jana likaletwa ombi kwamba sisi wenye nyumba tukubali nyongeza ya kodi ya majengo kwa ajili ya shule, na ombi hilo likapigiwa kura Novemba.

Bi Rosalind, nilikuwa kwenye kamati ya Ndiyo. Nilioka potica, ile mikate mitamu ya jozi, thelathini na mbili za kuuza, nikabisha hodi mtaa mzima wa Alder na nusu ya mtaa unaofuata, vipeperushi mkononi, na watu wakanifungulia kwa sababu nilipika jikoni shuleni miaka ishirini na sita na nusu yao nimewalisha mimi. Nilikuwa nasema, "Ni kwa ajili ya watoto," na nilimaanisha. Halafu katikati ya Oktoba ikaja barua ya kaunti, kwamba nyumba yangu sasa ina thamani mara mbili, eti kwa sababu watu wa Denver wananunua nyumba huku za kuja kulala Jumamosi na Jumapili, na kodi yangu itapanda kwa dola mia saba na hamsini hata kabla ya hiyo ya shule, ambayo ilikuwa mia nne na kumi zaidi. Mimi napokea pensheni ya dola elfu moja mia tano na tisini kwa mwezi. Tangu kiangazi nakata vidonge vya presha nusu nusu ili chupa inifikishe, na hilo sijamwambia mtu, Colleen ndiyo kabisa, maana angetaka kunipa kutoka kwenye mshahara wake ambao nao ni wa kuokoteza.

Kwetu karatasi ya kura huja kwa posta. Nilikaa nayo mezani jikoni asubuhi moja, vipeperushi vyangu viko pale pale kando ya kikombe, nikachukua kalamu nyeusi nikajaza kiduara cha Hapana. Sikusita, na hilo ndilo linalonitisha. Nikatia sahihi kwenye bahasha nikaenda kuitumbukiza kwenye sanduku mbele ya ofisi ya karani, na pale pale nikakutana na mwenyekiti wa bodi, Wade Ferraro, akanikumbatia akasema, "Bi Albina, bila wewe tungekuwa wapi?"

Tulishindwa kwa kura tisa. Ndiyo elfu moja mia moja na tisa, Hapana elfu moja mia moja kumi na nane.

Januari bodi ikatangaza kwamba somo la muziki linafutwa mwaka wa masomo ukiisha, na basi la bondeni pia. Colleen amepata kazi Wichita, safari ya saa saba kwa gari, na ataondoka na wajukuu zangu wawili.

Sasa mji unatafuta wa kumlaumu, na wamempata. Ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Virgil Perko, kinyozi, mtu pekee aliyethubutu kusimika bango la Hapana mbele ya nyumba yake. Kinyozi huyo amepanga chumba cha mbele katika jengo la shule kubwa kuwa duka lake la kunyoa, anailipa bodi pango, mwaka wa kumi na moja huu. Wazazi wameacha kupeleka watoto kwake. Mtu amechora namba 9 kubwa kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha duka lake, na Virgil hajaifuta, ananyoa wachache waliobaki huku ile tisa inawaangalia.

Ijumaa iliyopita tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, chakula cha samaki cha Kwaresima. Gwen Lisac, mama wa watoto watatu, akagonga meza kwa uma akasema, "Huyo Perko amekaa kwenye jengo la shule kwa bei ya kutupa, halafu anainyonga hiyo hiyo shule. Atoke!"

Mumewe akamwambia, "Taratibu, Gwen."

"Taratibu ya nini? Mwalimu Colleen anahama! Bi Albina, wewe ni jirani yake, hebu tuambie, yule mtu amewahi kupenda watoto?"

Meza nzima ikanigeukia. Colleen alikuwa mbele yangu, uso umemsawijika. Ningeweza kusema kwamba Virgil kila Agosti hunyoa watoto bure kabla shule hazijafunguliwa. Ningeweza kusema kwamba marehemu mume wangu alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, Virgil alikuja kila wiki mbili na mkasi wake akamtengeneza nywele, na hakupokea hata senti. Nikasema, "Virgil? Virgil hajawahi kumpenda kiumbe ila paka wake."

Walicheka, Bi Rosalind. Hata Colleen alicheka, mara ya kwanza tangu Januari. Nikainua macho nikamwona Virgil amesimama kwenye dirisha la kupokelea chakula, hatua nne kutoka kwetu, sahani mkononi. Aliiweka ile sahani mezani haijaguswa, akavaa kofia yake, akaniambia kwa upole kabisa, "Jioni njema, Albina."

Jumanne ijayo bodi inapiga kura kama wamvunjie mkataba wa pango. Colleen ameandikisha jina langu kwenye orodha ya wazungumzaji, eti niwasemee wazee wa mji kwamba wanataka atoke. Nikikaa kimya namwangamiza mtu asiye na kosa, na nikisema kweli binti yangu ataondoka akiwa ananichukia, na safari ya Wichita ni ndefu hata kwa watu wanaopendana. Niambie la kufanya. Ila usiniambie nisali, maana nimeshasali na sijajibiwa.

Mmoja wa Wale Tisa

---

Msomaji, barua hii ilinifikia Ijumaa moja kabla ya ile Jumanne ya bodi, na gazeti hili hutoka Alhamisi, ningekuwa nimechelewa. Mama huyu alikuwa ameandika namba ya simu chini, kwa hiyo nilimpigia siku ile ile. Majina ya watu na ya mtaa nimeyabadilisha, na ananiruhusu kuchapisha. Haya ndiyo niliyomwambia.

Mama, kwanza punguza kujikweza. Hukuiangusha shule peke yako. Chukua karatasi upige hesabu: ungeandika Ndiyo, mngeshindwa kwa kura saba badala ya tisa, na muziki ungefutwa vile vile. Kura ni siri, na ni siri kwa sababu ya watu kama wewe, ambao mikono yao inajua hali ya mfuko kuliko midomo yao. Ulibadili nia ulipopata barua ya kaunti. Ulichopaswa kufanya ni kujitoa kwenye kamati siku hiyo hiyo, na hukufanya, kwa aibu. Hilo ni kosa, lakini ni kosa la kawaida, na wala silo lililokuleta kwangu.

Lililokuleta ni yule kinyozi. Kura ulipiga kwa sababu ya shida. Ule mzaha uliufanya kwa sababu gani? Ulitaka kupendwa na meza kwa dakika moja, ukalipa kwa jina la mtu aliyemhudumia mumeo kitandani. Yeye alitangaza msimamo wake mbele ya nyumba yake, mchana, kila mpita njia auone. Wewe uliuficha kwenye bahasha, halafu ukawacheka waliousema wazi. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: uliyofanya ni mabaya, na yanarekebishika mpaka bodi ikutane Jumanne saa moja jioni, baada ya hapo sikuahidi.

Kesho nenda kwa Colleen. Usitumie simu, na usiende na mkate wala keki. Beba barua ya kaunti na hiyo chupa ya vidonge, uweke vyote mezani, umwambie. Asisikie ukumbini pamoja na watu wengine. Atakasirika, na ana haki, kwa hiyo usimtulize na usilie ili aache kukasirika akubembeleze wewe. Keshokutwa vuka barabara uende kwa Virgil. Jumanne simama useme kwa jina lako ulivyopiga kura na kwa nini, na useme uliyoyasema juu yake ni uongo. Dakika tatu zinatosha. Na Jumatatu asubuhi, kabla ya mkutano, mpigie daktari wako umwambie unakata dawa nusu, kisha uende ofisi ya kodi ya kaunti uulize nafuu ya wazee na ujaze fomu. Mficha maradhi kilio humuumbua, mama. Umeficha presha, umeficha ufukara, umeficha kura. Nafasi ya kuficha kingine huna.

---

Wiki hii nimepokea barua yake ya pili. Naiweka hapa bila kuipunguza sana.

"Bi Rosalind, nilikwenda kwa Colleen. Alisikiliza amesimama, akaisoma barua ya kaunti mara mbili, na la kura hakuuliza hata neno. Alichouliza ni, 'Tangu lini unakata dawa?' Nilipomwambia tangu Julai akasema, 'Mama, toka nyumbani kwangu kabla sijasema la kujutia,' nikatoka. Virgil alifungua mlango lakini hakunikaribisha. Nilisema yote pale barazani na baridi ile. Akaniambia, 'Albina, sikuwa na haja ya kujua umepigaje kura. Nilihitaji unyamaze tu, kama kunisifu kulikushinda.' Akafunga mlango polepole.

"Jumanne ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kandokando. Nilisema kama ulivyoniambia. Gwen Lisac akaruka, 'Wewe? Wewe uliyekuja mlangoni kwangu?' Nikamjibu, 'Ndiyo, mimi.' Kukawa na kelele, Wade Ferraro anagonga meza, na katikati ya kelele mama yake mzazi Wade, Bi Dolores, mwenye miaka themanini na moja, akainuka na fimbo yake akasema, 'Wade, acha kugonga. Na mimi niliandika Hapana.' Mwanawe akageuka kumtazama. Bi Dolores akamwambia, 'Usinitazame hivyo. Hukuja kuniuliza kama ninazo hizo pesa. Ulikuja kuniambia ni kwa ajili ya watoto, kana kwamba mimi sikuzaa.' Baada yake wakasimama wengine wanne, wote ninaokutana nao kwenye dirisha la dawa.

"Walipiga kura, wanne kwa watatu, Virgil abaki. Wade alimpigia abaki, mkono aliuinua wa mwisho. Bodi imesema itarudi kwa wapiga kura Novemba, na safari hii inatafuta njia ya kuwalipia wazee wa kipato kidogo ile nyongeza. Muziki haujarudi. Colleen anaondoka Juni hata hivyo, kazi ameshaikubali. Siku sita hakunipigia. Siku ya saba alikuja na dawa za miezi mitatu, akaziweka jikoni, akakaa, tukanywa kahawa. Virgil bado hanisalimu. Nifanyeje juu yake?"

Mama, kwa Colleen umefanya vizuri, sasa mwache aende. Akiwa tayari kukualika Wichita atakualika, na utapanda basi uende, hata kama mgongo unauma.

Kuhusu Virgil, usimwandikie barua, usimwokee kitu, wala usimtume padri. Ulimharibia jina mbele ya watu, utalitengeneza mbele ya watu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, wazazi wanapopita hapo kwenda sokoni, ingia dukani kwake, kaa kwenye kiti cha dirishani, fungua gazeti usome. Akikuuliza unataka nini, mwambie unasubiri. Asipokuuliza, endelea kusoma. Watu wakuone umekaa kwa Perko leo, na Jumamosi ijayo, na ile nyingine. Si lazima akusamehe. Wewe kaa tu, mpaka kiti cha pembeni yako kipate mzazi aliyemleta mtoto kunyolewa.